Mama anasikia saa ikigonga kifuani usiku

Swali: Shikamoo dada muuguzi. Mama yangu ana miaka 52. Wiki nne zilizopita alifanyiwa upasuaji wa moyo Dar es Salaam, pale Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, akabadilishiwa valvu moja na kuwekewa ya chuma. Sasa tumerudi naye Mwanza, tunakaa Mabatini, juu kwenye mawe. Mchana anaendelea vizuri na kidonda kimekauka. Shida ni usiku. Kitandani hataki, analala kwenye kiti cha sebuleni ameegemea ukuta. Anasema akilala chali mgongo unawaka moto, akitaka kugeuka anaogopa kifua kitafunguka. Anasema pia kuna kitu kinagonga kifuani kama saa ya ukutani. Akipata usingizi anaota anafukuzwa, anaamka amelowa jasho. Anaamka kukojoa hata mara nne na choo kiko nje. Mama mdogo anasema haya si mambo ya hospitali, twende kwa mganga. Mimi binti yake nalala naye chini kwenye mkeka, nimechoka. Tumlaze vipi? Naweza kumnunulia dawa ya usingizi?

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa kuuguza. Kabla hatujagusa mito wala godoro, kuna jambo nataka ulifanye leo hii jioni. Kaa na mama, mwulize taratibu: "Mama, ukiwa kitandani, ni nini hasa kinachokutoa?" Kisha nyamaza. Usimsaidie kujibu.

Akisema mgongo unauma, kidari kinavuta, anaogopa kugeuka, hilo ni suala la kitanda na tutalimaliza hapahapa. Akisema, "Nikilala nakosa pumzi, nikikaa inarudi," hilo halihusu kitanda hata kidogo. Huenda moyo unazidiwa na maji, au maji yamejikusanya kuzunguka mapafu au moyo wenyewe, jambo linaloweza kutokea wiki za mwanzo baada ya upasuaji. Mtu mwenye hali hiyo huwa na dalili zinazofuatana. Juzi alitosheka na mto mmoja, jana miwili, leo anataka mitatu. Saa nane za usiku anakurupuka kutafuta dirisha. Anakohoa akilala na kikohozi kinatulia akikaa. Ndala zinaanza kumbana, na ukimbonyeza kwa kidole gumba juu kidogo ya kifundo cha mguu, shimo linabaki. Ukiona hayo usingoje tarehe ya kliniki. Mpeleke Hospitali ya Bugando siku hiyohiyo.

Ndiyo maana naomba mtafute mizani, hata ya kuazima. Apimwe kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai, akiwa amejifunga kanga ileile, na uandike kwenye daftari. Akiongezeka kilo moja na nusu ndani ya siku moja, au kilo mbili na zaidi ndani ya wiki, jueni hayo ni maji. Mwili haunenepi kwa kasi hiyo. Mpigieni daktari.

Kwa jinsi ulivyoandika, naona mama ni mtu wa jibu la kwanza. Lakini mimi sijamwona, wewe unamwona, kwa hiyo mwulize hivyohivyo.

Sasa niseme kuhusu hiyo saa ya ukutani, maana nadhani ndiyo inayomkosesha usingizi kuliko godoro. Nimewauguza watu wengi wenye valvu kama ya mama, na hili ni jambo ambalo mgonjwa hukuuliza kwa sauti ya chini, ndugu wakishatoka nje. Anaona aibu. Anadhani ni yeye peke yake anayeisikia, au kwamba kitu kimelegea ndani.

Hakuna kilicholegea. Tunaiita valvu ya chuma, ila sehemu inayofunguka na kufunga kwa kawaida ni vibawa viwili vidogo vya kaboni ngumu sana. Kila moyo unapopiga, vibawa vinafunga, na vikifunga vinagonga: tik. Moyo ukipiga mara 80 kwa dakika, vinagonga mara 80 kwa dakika, na kwa usiku na mchana ni zaidi ya mara laki moja. Mchana hasikii kwa sababu daladala, watoto na sufuria vinaifunika sauti hiyo. Nyumba ikitulia, mifupa ya kifua na ya kichwa inaileta mpaka sikioni, na akifungua mdomo hata wewe uliye kwenye mkeka unaweza kuisikia. Akiwa na hofu moyo unakwenda mbio, ile tik nayo inakwenda mbio, anaisikia, anazidi kuogopa. Akitoka kwenye ndoto mbaya ndivyo inavyokuwa.

Niliwahi kumuuguza mzee mmoja mvuvi, mtu wa visiwani, aliyekuwa na valvu ya aina hiyohiyo. Wiki za mwanzo halali, anakaa ukingoni mwa kitanda anasikiliza kifua chake. Siku moja nikiwa namfunga kidonda akaniambia amekwishaelewa. Akasema, "Binti, sisi tukitoka kwenda kuvua, mmoja anashika usukani na wengine tunalala juu ya nyavu. Injini inanguruma karibu na kichwa na tunalala fofofo. Kinachotuamsha ni injini ikinyamaza." Tangu hapo nikawa nawasimulia wagonjwa wangu wote maneno yake. Msimulie mama. Kama ametoka pwani ya ziwa ataelewa haraka kuliko nikimweleza habari za kaboni.

Na alichosema mzee yule ni sahihi hata kitabibu. Ile tik ikiendelea, valvu inafanya kazi. Ikififia ghafla au kupotea, hasa ikiambatana na kukosa pumzi, kizunguzungu au kifua kubana, huenda damu imeganda juu ya valvu, na hiyo ni dharura ya saa ileile, si ya kesho. Kinachozuia damu isigande hapo ni warfarini. Anywe kila siku, saa ileile, kwa kipimo alichoandikiwa, na kipimo cha damu cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, asikikose. Nimeona watu wakiacha kwa sababu wamejisikia vizuri. Tafadhali, asiache.

Cha kufanya usiku ni kumwondolea ukimya. Washa redio kwa sauti ya chini, au feni kama mnayo. Chumba kimya kabisa kwa mgonjwa huyu hakifai.

Ila ipo sauti nyingine ambayo lazima uitofautishe na hii. Wakati wa upasuaji kidari, ule mfupa wa katikati ya kifua, ulikatwa kwa msumeno kutoka juu hadi chini, kisha pande mbili zikarudishwa na kufungwa kwa waya za chuma kisichoshika kutu. Waya hizo zitabaki humo maisha yote. Zinaushikilia mfupa tu, kuunga unaunga wenyewe. Wiki ya sita mpaka ya nane sehemu kubwa huwa imeshaunga, na nguvu kamili hurudi karibu na mwezi wa tatu. Mama yuko wiki ya nne, kwa hiyo hofu yake ya kugeuka ina msingi, ila ni kubwa kuliko hatari yenyewe. Kifua hakifunguki kwa kugeuka taratibu.

Namna ya kutofautisha ni hii. Mkalishe atulie kabisa, umshike mshipa wa kifundo cha mkono. Sauti ya valvu inakwenda sambamba na mshipa hata asipotikisika. Sauti ya mfupa inakuja pale tu anapogeuka, anapokohoa au anapoinuka, mithili ya vijiti viwili vinavyosuguana, na akiweka kiganja juu ya kidari anahisi mfupa ukicheza. Hiyo ya pili mpeleke hospitali, hata kama kidonda juu kimekauka vizuri.

Tuje kwenye kitanda. Kulala kwenye kiti siku mbili tatu za kwanza si kosa, wengi hufanya hivyo. Lakini wiki nzima na zaidi, miguu ikining'inia, inavimba, shingo inaumia, na mgonjwa akisinzia anainamia mbele na kukunja kifua. Anachokipenda mama kwenye kiti ni ule mwinuko, kwa hiyo mpelekeeni mwinuko kitandani.

Hospitalini vitanda vinainuka kwa kuzungusha mkono wa chuma. Nyumbani tumia kiti cha mbao cha mezani, chenye egemeo lililonyooka. Kipindue juu ya godoro upande wa kichwani, ukingo wa mbele wa kalio na ncha ya juu ya egemeo vikae kwenye godoro, miguu ielekee ubao wa kichwa. Mgongo wa egemeo sasa umekuwa mteremko. Funga miguu ya kiti kwenye ubao wa kitanda kwa kamba au kanga kuukuu ili kisiteleze, kisha tandika mito juu yake: mkubwa chini ushikilie kiuno, mwingine mabegani, mdogo kichwani. Usiweke yote kichwani, shingo itakunjika na kidevu kugusa kifua. Mwinuko unaotakiwa ni kama nusu ya kukaa wima, digrii 30 hadi 45. Akizoea, punguza mto mmoja baada ya siku chache. Wiki baada ya wiki atashuka mwenyewe.

Chini ya magoti mwekee blanketi lililokunjwa. Hilo linamzuia asiporomoke kuelekea miguuni, na linaupumzisha mgongo. Ule moto wa mgongoni mara nyingi hauhusiani na mgongo wenyewe. Kifua kilipanuliwa kwa saa kadhaa mezani, mbavu na misuli ya katikati ya mabega ikavutwa, na tangu hapo mgonjwa anatembea amekunja mabega kukilinda kifua. Mchana azungushe mabega taratibu, na umkande kati ya mabapa ya mabega kwa kiganja chenye joto. Blanketi la magotini uliondoe mara mojamoja, achezeshe vifundo vya miguu juu na chini mara kumi, damu isituame miguuni.

Kila upande mwekee mto, mikono ipumzike juu yake. Mikono ikining'inia inavuta kidari usiku kucha, na mgonjwa anaamka asubuhi anauma bila kujua kwa nini. Kwa mwanamke kuna jambo jingine ambalo madaktari wengi wanaume hawalitaji: matiti nayo yanavuta kidonda. Mama avae sidiria laini, isiyo na waya, inayofungwa mbele, hata usiku. Kama mshono unachubuliwa, weka kipande cha pamba safi kati ya mshono na nguo. Wapo wagonjwa niliowaona wakilala usiku wa kwanza kamili kwa sababu ya sidiria tu.

Angalia pia kitanda kiko juu kiasi gani kutoka sakafuni. Kikiwa chini sana, magoti yanakuwa juu kuliko kiuno na lazima ajisukume kwa mikono kuinuka. Inua miguu yote minne kwa tofali imara mpaka nyayo zake zikanyage sakafu vizuri akiwa amekaa ukingoni. Na godoro la sponji lililobonyea katikati, pindua upande, au weka mbao chini yake.

Kuinuka kuna ufundi wake, na fundisheni nyumba nzima. Kwanza anakumbatia mto mdogo kifuani kwa mikono yote miwili. Anakunja magoti. Anageuka ubavu mzima kwa pamoja, mabega na nyonga vikienda sawa kama gogo linaloviringishwa, asijipinde kiunoni. Kisha anaachia miguu ishuke ukingoni mwa kitanda, na uzito wa miguu ndio unaoinua kiwiliwili, huku kiwiko cha chini kikisaidia kidogo kikiwa kimebanwa ubavuni. Anakaa dakika moja au mbili kabla ya kusimama, maana dawa za moyo huweza kushusha presha akisimama ghafla. Wewe unayemsaidia, kiganja chako kiwe nyuma ya bega lake, umsindikize. Asivutwe mkono wala asinyanyuliwe kwa kwapa, awe kaka yako mwenye nguvu au shangazi mwenye huruma. Kwapa likivutwa, kidari kinavutwa.

Ule mto mdogo usimtoke. Akikohoa, akipiga chafya, hata akicheka, aukumbatie na kuubana kifuani. Wakati wa kulala awe nao, ukimgusa kifuani anajua kifua kimeshikwa, na nadhani hilo lenyewe linashusha nusu ya hofu.

Kuhusu ubavu: kulala kifudifudi bado, mpaka miezi mitatu ipite. Kulala ubavu, wengi huruhusiwa mapema zaidi kama mfupa uko imara na haumuumi, lakini mwulize daktari wake kliniki ijayo amshike kidari kwanza. Akiruhusiwa, mto mmoja mgongoni wa kuegemea, mwingine mbele wa kukumbatia mkono wa juu usiangukie kifuani, na mwingine kati ya magoti. Yale maneno kwamba mgonjwa wa moyo akilalia ubavu wa kushoto anaubana moyo, hayana ukweli. Upande wa kushoto anaweza kuyasikia mapigo yake zaidi, basi.

Usiku wa mama unatengenezwa mchana, na hapa naona mna kazi. Tuanze na kukojoa mara nne. Angalia dawa zake: kama anatumia Lasix, ambayo jina lake jingine ni furosemidi, inamfanya akojoe kwa saa sita hivi. Mwulize daktari au mfamasia kama dozi yote inaweza kuwa asubuhi, saa mbili, na kama ni mara mbili basi ya pili isizidi saa nane au tisa mchana. Nimekuta familia zinazompa mgonjwa "asubuhi na jioni" kama ilivyoandikwa kwenye bahasha, na jioni kwao ni saa mbili usiku, kisha wanashangaa mgonjwa halali.

Jambo la pili ni chumvi. Sisi watu wa ziwa tunapenda dagaa wa kukaanga, na dagaa waliokaushwa na chumvi wakiliwa jioni huleta kiu, kiu inaleta maji, maji yanaleta miguu kuvimba na safari za choo. Dagaa wasio na chumvi, waliooshwa kwa maji ya moto, sina neno nao. Kwa jioni mpikieni sato wa kuchemsha na nyanya, tangawizi na limau, chumvi iwe ya kuonja tu. Mchicha na matembele asiache, ila awe na kiasi kilekile kila siku, kwa sababu zikizidi au kupungua ghafla zinabadilisha nguvu ya warfarini.

Choo cha nje ni hatari kubwa zaidi ya yote uliyoyaandika, na wewe umekitaja kama jambo dogo. Mama anatumia dawa inayozuia damu kuganda. Akiteleza usiku juu ya yale mawe na kugonga kichwa, anaweza kuvuja damu ndani ya fuvu. Kwa miezi hii mwekeeni ndoo yenye mfuniko chumbani, chini ya kiti kilichotobolewa katikati, na tochi mkononi mwake. Asione haya. Na akianguka akagonga kichwa, hata kama anaongea vizuri, apelekwe hospitali.

Dawa ya maumivu mpe nusu saa kabla ya kulala, akiwa bado hajaumia sana, kwa kipimo alichoandikiwa. Wengi huacha dawa mapema kwa kudhani ni uvumilivu. Asiyemeza dawa hapumui kwa kina, hakohoi vizuri, na halali. Mara nyingi ni parasetamoli. Diklofenaki na ibuprofeni asitumie hata kama jirani amezipa sifa, kwa sababu zikikutana na warfarini zinaweza kuleta kutokwa damu tumboni. Hata Flagyl ya kuharisha inapandisha INR, kwa hiyo hakuna dawa ya kununua dukani bila kumwambia mfamasia kwamba anatumia warfarini.

Na hiyo dawa ya usingizi uliyoniuliza: usinunue. Diazepamu inapunguza pumzi, inamfanya alegee akienda kukojoa, na mwili unaizoea haraka. Kama baada ya kurekebisha haya yote bado halali, daktari ndiye atakayeamua, akiwa na orodha ya dawa zake zote mkononi. Mitishamba nayo hivyohivyo. Sisemi kwamba haina nguvu. Nguvu zake ndizo ninazoziogopa, maana mingine inavuruga warfarini, na bila kupima INR huwezi kujua imevuruga kiasi gani mpaka damu itoke au igande.

Wageni. Huku kwetu mgonjwa asiyetembelewa ni fedheha, na najua wanapanda huo mlima kwa upendo. Lakini huenda mama anakaa wima tangu saa nne asubuhi mpaka saa tatu usiku akiitikia salamu na kusimulia upasuaji upya kwa kila anayeingia. Wewe ni binti yake, unaona vigumu kuwaambia watu wazima waondoke. Mwombe mjomba au mzee wa nyumba aseme: wageni ni saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Kwa neno la mzee hakuna atakayeona amefukuzwa.

Mchana alale mara moja tu, nusu saa, kabla ya saa tisa. Atembee mara kadhaa kwa siku, dakika tano tano, mahali tambarare, akiongeza kidogo kila wiki. Ngazi na mawe ya Mabatini bado. Chai ya rangi na kahawa zisivuke saa tisa alasiri. Asibebe kitu kinachozidi dumu la lita tano, na maji asichote kabisa.

Hizo ndoto sasa. Mwambie mama mdogo, kwa heshima, kwamba tunazijua na zina sababu. Mama alipewa dawa ya nusu kaputi kwa saa nyingi, damu yake ikazungushwa na mashine iliyofanya kazi ya moyo na mapafu, kisha akaamka mahali penye taa usiku kucha, kengele zinalia, mrija mdomoni, hawezi kusema. Mwili unakumbuka hata pale akili haikumbuki. Ndoto za kufukuzwa, za kuzama, za kufungwa kamba, jasho la usiku, machozi yasiyo na sababu, hamu ya chakula kupotea: wengi wanayapitia, na kwa kawaida yanapungua ndani ya wiki kadhaa, wengine miezi michache. Baadhi ya dawa za moyo nazo zinaweza kuongeza ndoto, kwa hiyo daktari aambiwe. Akiamka kwa hofu, usimwulize ameota nini. Washa taa ndogo, mwite jina lake, mwambie yuko nyumbani Mwanza, mshike mkono, mhesabie pumzi kumi ndefu. Mchana akitaka kusimulia, msikilize. Kama anataka maombi, mwite mchungaji au shehe aje, maombi hayagongani na dawa yoyote. Lakini akianza kuona au kusikia vitu akiwa macho, akichanganyikiwa siku na watu, au akisema haoni faida ya kuishi, hilo nalo ni la hospitali.

Chandarua kisisahaulike kwa sababu ya kiti mlichokipindua. Kitundikwe juu zaidi ili kisimguse mikono, maana mbu anauma kupitia neti iliyogusa ngozi, na wewe ndiye ukichomeke, asinyooshe mikono juu. Huku ziwani malaria ni ya kila siku, na mazoea yetu ni kununua dawa ya mseto mtu akipata homa. Kwa mama, mazoea hayo yaishe. Homa ya nyuzi 38 na zaidi, apimwe malaria, na pia atolewe damu ya kuotesha vijidudu kabla hajapewa antibayotiki yoyote, kwa sababu maambukizi yanaweza kushika ile valvu mpya. Mwambie daktari wa zamu neno "valvu" kabla hujasema neno "homa".

Usiku wowote akikosa pumzi, mdomo ukipinda, maneno yakikwama, mkono mmoja ukilegea, kidonda kikitoa usaha au ile tik ikipotea, mnashuka. Panga sasa, mchana, mtashukaje. Bodaboda haifai, inarusha na hana pa kujishikilia. Zungumza na mtu wa bajaji au jirani mwenye gari, namba yake ibandikwe ukutani pamoja na karatasi ya dawa zake na majibu ya INR. Kumshusha kwenye ngazi, vijana wawili na kiti cha plastiki chenye mikono, yeye akikumbatia mto wake.

Na wewe, toka kwenye mkeka. Gawaneni zamu na kaka yako au ndugu mwingine, usiku mmoja mmoja, anayekesha alale chumba hichohicho kwenye godoro. Leo anza na kiti na redio tu, sidiria na saa ya Lasix vifuate kesho. Mgonjwa akibadilishiwa kila kitu usiku mmoja halali kabisa. Wiki ijayo niandikie uniambie uzito wake wa kila asubuhi, na amebakiza mito mingapi.